Kuchapisha si Kueneza: Mjadala wa Malaria ya Kericho na Deni la Wahakiki

Utangulizi

Wakipsigis wana maneno mawili ambayo mtoto wa upande wetu huyajua kabla ya kujua kuandika jina lake: mosop, yaani nchi ya juu yenye baridi na misitu, ambayo leo imefunikwa na majani ya chai, na soin, nchi ya chini yenye joto. Mwandishi wa makala haya amezaliwa Soin, pale ambapo vilima vya Kericho vinateremka kuelekea bonde la Nyando. Katika utoto wetu maneno hayo hayakuwa jiografia tupu. Yalikuwa pia elimu ya tiba. Aliyelala huku chini alijua kwamba homa ni jirani yake. Aliyekaa juu aliihesabu homa kuwa ni ugonjwa wa wageni na wa watu waliotoka safari. Ndugu zetu waliochuma chai huko juu walishuka mwisho wa mwezi kuleta mshahara, wakalala siku mbili tatu, kisha wakapanda tena. Baadhi yao walipanda na homa. Mama zetu walilijua jambo hilo na walilisema wazi. Hakuna aliyeliandika.

Makala haya yanahusu yaliyoandikwa. Kwa muda unaozidi mwongo mmoja, jina la Kericho lilitajwa tena na tena katika majarida makubwa ya sayansi duniani, likibishaniwa na wataalamu wa tiba, wa wadudu, wa hali ya hewa na wa takwimu. Ubishi huo ulihusu miili ya watu wetu na hewa tunayovuta. Pamoja na hayo, mchumaji chai, muuguzi wa zahanati na mwalimu wa shule ya msingi ya Soin hawakupata kuusoma, na hadi leo hawajapata. Hoja yetu ni moja: kuchapisha si kueneza. Utafiti uliopigwa chapa mahali ambapo waliotoa takwimu zake hawaufikii, na katika lugha wasiyoimudu kwa kiwango hicho, umekamilika nusu. Nusu iliyosalia ni deni, na sehemu kubwa ya deni hilo ni letu sisi wa idara za Kiswahili. Tumelikwepa kwa kisingizio cha mipaka ya taaluma.

Kisa chenyewe

Hatuna budi kukisimulia kisa hiki kwa kirefu kidogo, kwa kuwa tunashuku kwamba wengi wa wasomaji wa jarida hili hawajakutana nacho; na hilo lenyewe ni sehemu ya ushahidi wetu. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yako katika mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Malaria ya mlipuko iliwahi kuwasumbua wakazi wa mashamba hayo katika miaka ya 1940, ikadhibitiwa, kisha ikarejea kwa nguvu katika miongo ya mwisho ya karne ya ishirini. Hospitali ya mashamba ilikuwa imeweka kumbukumbu za wagonjwa kwa miaka mingi, na kumbukumbu hizo ndizo zilizotumiwa katika makala yaliyochapishwa mwaka 1998 na mwaka 2000. Swali likawa: kwa nini ugonjwa umerejea? Je, ni joto lililopanda? Ni vimelea vilivyokuwa sugu dhidi ya klorokwini? Au ni safari za wafanyakazi kati ya nchi ya juu na nchi ya chini?

Tarehe 21 Februari 2002 jarida la Nature lilitoa makala ya Simon Hay na wenzake. Walichunguza mahali panne katika nyanda za juu za Afrika Mashariki: Kericho, Kabale nchini Uganda, Gikonko nchini Rwanda na Muhanga nchini Burundi. Walihitimisha kwamba joto, mvua na unyevu havikuwa vimebadilika kwa kiasi cha kutajika katika karne nzima, wala katika kipindi ambacho malaria ilirejea. Kabla ya mwaka kwisha, Jonathan Patz na wenzake walijibu katika jarida hilohilo. Walidai kwamba takwimu za hali ya hewa zilizotumiwa hazikufaa kwa kazi hiyo. Hazikuwa vipimo vya Kericho yenyewe. Zilikuwa makadirio yaliyopatikana kwa kuunganisha vipimo vya vituo vilivyotawanyika na kujazia mapengo yaliyo baina yake kwa hesabu. Katika nchi tambarare makadirio ya namna hiyo huenda yakatosha. Katika nchi yetu, anayeshuka kutoka Kericho hadi Soin huvua sweta njiani.

Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake waliurejelea mjadala katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Wakitumia takwimu zilizoendelea hadi mwaka 2002, waliona kwamba joto lilikuwa limepanda mahali pote panne, na wakaonyesha kwa kielelezo cha hesabu kwamba badiliko dogo la joto laweza kuleta badiliko la idadi ya mbu lenye ukubwa unaozidi mara kumi. Kisha, mwaka 2011, Judith Omumbo na wenzake walifanya jambo ambalo mtu wa kawaida angelidhani lilifanywa mwanzo kabisa. Walichukua vipimo vya kila siku vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho, vya kuanzia mwaka 1979 hadi 2009, wakavikagua makosa yake, wakavisoma. Joto lilikuwa limepanda kwa takriban sehemu mbili za kumi za digrii Selsiasi katika kila mwongo.

Mwaka huohuo David Stern na wenzake, miongoni mwao akiwemo Hay mwenyewe, walichapisha makala katika PLoS ONE. Walilinganisha matoleo matatu ya takwimu za Chuo Kikuu cha East Anglia, ambazo ndizo chimbuko la ubishi wote. Katika toleo la zamani hawakuona kupanda kwa joto kwa kipindi kinachoishia mwaka 1996; katika matoleo mapya walikuona. Walipima pia takwimu za Kericho zilizotayarishwa na Omumbo, wakakuta kwamba kipindi cha 1979 hadi 1995 hakionyeshi mwelekeo wa kutegemewa, ilhali kipindi kizima hadi 2009 kinauonyesha dhahiri. Hata hivyo waliongeza tahadhari ambayo hatuna haki ya kuificha: wagonjwa wa malaria wa Kericho waliongezeka kati ya 1994 na 2002, kisha wakarudi kuwa wachache, ingawa joto halikurudi chini. Joto, basi, ni sehemu ya kisa. Si kisa chote.

Huu ulikuwa uhakiki wa matini

Tunamwomba msomaji wa fasihi atazame tena alichokisoma hivi punde. Watu walibishana kwa miaka tisa juu ya maana ya matini moja. Upande mmoja ulisoma nakala ambayo sehemu zilizokosekana zilikuwa zimejaziwa na mnakili. Upande wa pili ukauliza: nani kajazia, na kwa kutumia nini? Ubishi ulianza kupoa pale mswada wa karibu zaidi na chanzo ulipofunguliwa, na matoleo mbalimbali yakalazwa meza moja yakalinganishwa. Je, si ndivyo tunavyowafundisha wanafunzi wetu wa uzamili wanapokabidhiwa utenzi wenye nakala tatu zisizokubaliana? Tunawaambia: msianze na maana, anzeni na nakala. Ulizeni imenakiliwa lini, kutoka wapi, na mahali neno lilipofutika mnakili aliweka nini.

Laiti mhakiki mmoja wa miswada angaliketi katika kikao cha wanatakwimu wale mwaka 2002, huenda angaliuliza swali hilo siku ya kwanza. Hatusemi hivi kwa majivuno. Tunasema kwamba mipaka ya taaluma iliwanyima wanasayansi swali ambalo kwetu ni la alfabeti, na ikatunyima sisi kisa ambacho kingeuzindua uhakiki wetu. Wao hawakutujua; nasi hatukuwahi kubisha hodi. Tulikuwa tumeshughulika na kubishana kama riwaya fulani ni ya kimapokeo au ya kimajaribio.

Wala msiba wa maarifa kuchukuliwa hapa na kuhifadhiwa kwingine si mgeni kwetu. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotokana na maandishi ya Waswahili wenyewe, akiwemo Mtoro bin Mwinyi Bakari, kilichapishwa Göttingen mwaka 1903. Kwa muda mrefu kilijulikana zaidi na maprofesa wa Ulaya kuliko na wajukuu wa watu wanaosimuliwa ndani yake. Sehemu kubwa ya tenzi tunazozihakiki tunazipata kwa hisani ya maktaba za London na za Ujerumani. Sisi tunaolalamika kila mwaka katika makongamano kwamba miswada yetu iko ughaibuni, tumewezaje kutoona kwamba daftari la wagonjwa wa Kericho nalo ni mswada?

Pingamizi nne

Twajua yatakayosemwa, na ni haki tuyajibu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba sayansi haina lugha, na kwamba Kiswahili hakina istilahi za kuibeba. Dai hili lina sehemu mbili zinazopingana: ikiwa sayansi haina lugha, mbona lazima iwe ya Kiingereza? Na kuhusu istilahi, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Istilahi zipo. Zinazokosekana ni sentensi za kuzitia ndani. Kamusi isiyopata waandishi wa kuitumia ni kama jembe jipya lililoning'inizwa darini: halina kasoro, lakini halilimi.

Pingamizi la pili ni la kisasa zaidi. Huambiwa kwamba tatizo limekwisha, kwa sababu siku hizi majarida mengi husomwa bila malipo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, kupitia mpango wa HINARI, limezipa taasisi za nchi maskini njia ya kupata majarida ya tiba. Ni kweli pia kwamba makala ya Omumbo, yaliyotoka katika Malaria Journal, na yale ya Stern yako wazi kwa yeyote mwenye mtandao. Tunaipongeza hatua hiyo, tukikumbuka kwamba katika majarida ya aina hiyo aghalabu ada hutolewa na mwandishi badala ya msomaji, na mwandishi asiye na mfadhili hubaki nje na mswada wake mkononi. Lakini hata tukiyasahau hayo, kufungua mlango si kumkaribisha mgeni. Muuguzi wa Soin akiyafungua makala hayo usiku kwa simu yake, atakutana na Kiingereza cha wanatakwimu walioandikiana wao kwa wao. Hakuna aliyemfungia. Hakuna aliyemwambia pia.

Pingamizi la tatu linatuuma zaidi, kwani lina ukweli. Tunaulizwa: Kiswahili nacho ni lugha ya Soin? Bibi zetu hawakukijua ila kwa kuokoteza sokoni. Kwa nini tusidai makala ya Kikipsigis? Jibu letu ni kwamba tunayadai hayo pia, na atakayeyaandika tutamvulia kofia. Lakini tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo ulioanza mwaka 1985, vizazi vizima vya Soin vimekisoma darasani. Muuguzi, afisa wa kilimo, mwalimu na mtangazaji wa redio ya Kikalenjin wote wanakisoma bila taabu. Hao ndio watakaolivusha jambo hadi katika lugha ya nyumbani. Kutoka Kiswahili hadi Kikipsigis ni kuvuka kijito kwa mawe. Kutoka lugha ya wanatakwimu hadi Kikipsigis ni kuvuka mto uliofurika. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Lugha rasmi ambayo taifa haliandikii sayansi yake ni rasmi ya jukwaani tu.

Pingamizi la nne husemwa kwa sauti ya chini, kwa sababu msemaji huona haya. Wenzetu husema: watu hawahitaji makala, wanahitaji vyandarua na dawa. Maarifa huwafikia yakiwa vitu. Wanatoa mfano wa mkulima mdogo wa chai ambaye hajasoma jarida lolote, ila ana mche bora uliotoka kwa watafiti wa Kericho, nao unamlipa. Mfano ni mzuri, nasi tunaushukuru mche. Lakini aliyepewa chandarua bila kuelezwa sababu hukitumia kuchungia miche ya mboga, na hatuna haki ya kumcheka. Aliyeambiwa kwamba homa ya mashambani imefungamana na joto, na dawa iliyochoka, na pia safari zake mwenyewe za mwisho wa mwezi, huyo anaweza kuamua la kufanya kuhusu safari hizo. Kitu humfanya mtu mpokeaji. Sababu humfanya mshiriki.

Deni letu na namna ya kulilipa

Tufike nyumbani. Kwa nini kazi hii haifanywi? Wahadhiri wa Kiswahili si wavivu kuliko wengine. Haifanywi kwa sababu haihesabiwi. Vigezo vya kitaifa vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri, vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014, vinampa mtu alama kwa machapisho yaliyopitiwa na wataalamu, na hapo hatuna ugomvi. Ugomvi wetu ni na tafsiri finyu inayofanywa kamati zinapoketi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuandika, pamoja na mwenzake wa biolojia, maelezo ya Kiswahili ya mjadala huu wa malaria, kurasa kumi na mbili. Kamati iliyopima kazi zetu, katika chuo ambacho hatutakitaja, iliyaweka kando. Upande wa fasihi ulisema hii si fasihi. Upande wa sayansi ulisema hakuna matokeo mapya. Kurasa zile zikawa mtoto wa kambo katika nyumba mbili.

Hatulilii cheo, cheo kilikuja kwa njia nyingine, kwa makala kuhusu taswira ambayo, tukisema kweli, wamesoma watu wasiozidi kumi. Tunalilia kipimo. Kipimo kinachomtukuza mhadhiri anayesomwa na wenzake kumi na kumpuuza anayesomwa na wauguzi mia moja hakipimi elimu. Kinapima urefu wa ukuta.

Kulikuwako wasomi waliolijua hili kabla yetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa mwanachuoni aliyeweza kuandika Kiarabu kwa wanazuoni wenzake na kuridhika na heshima yao. Hata hivyo alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akayaandika kwa Kiswahili mambo ambayo wengine waliyaweka katika vitabu vya madrasa. Hakuna leo anayesema kwamba kwa kufanya hivyo aliishusha elimu.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, utafiti wowote unaotumia takwimu za mahali fulani uache nakala ya takwimu hizo, baada ya kuficha majina ya wagonjwa, katika maktaba ya umma au ya chuo kilicho karibu na mahali hapo. Kisa cha Kericho kimetuonyesha kwamba ubishi ulisonga mbele pale kundi moja lilipoweza kuzisoma takwimu zilizotayarishwa na kundi jingine. Pili, maelezo ya Kiswahili ya utafiti wa namna hiyo yapitiwe na wataalamu wawili, mmoja wa taaluma husika na mmoja wa lugha, kisha yahesabiwe kuwa chapisho kamili kwa waandishi wake wote. Tatu, jarida hili lenyewe litenge kurasa katika kila toleo kwa kazi hizo. Tusiwangoje wanasayansi waje kuomba. Wao wana majarida yao na hawana dhiki. Dhiki ni yetu sisi wenye lugha tusiyoitumia kusema lolote zito isipokuwa kuihusu lugha yenyewe.

Hitimisho

Kurasa zile kumi na mbili hatukuzitupa. Tulizipeleka Soin, tukazisoma katika mkutano wa kijiji, mwalimu mmoja akiyageuza maneno kwa Kikipsigis pale palipokuwa pagumu. Watu walisikiliza kwa adabu. Tulipofika kwenye safari za mwisho wa mwezi, kicheko kilizuka miongoni mwa akina mama, kicheko cha mtu anayeelezwa njia ya kwenda kwake. Kisha mama mmoja, aliyechuma chai kwa miaka mingi huko juu, alisimama akauliza: "Mwanangu, hayo madaftari ya hospitali yaliyoandikwa majina yetu, sasa yako wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulijua jina la jarida, mwaka, waandishi na hitimisho lao. Yaliko madaftari hatukujua, na katika miaka yote ya kuusoma mjadala huu haikuwa imetujia kuuliza. Aliyeuliza swali la kwanza la mhakiki wa miswada siku hiyo hakuwa mwenye shahada. Nasi tuliokuwa nazo tulikaa kimya, tukaandika swali lake chini ya ukurasa wa kumi na mbili.

Maadamu swali hilo halijajibiwa, hatuwezi kusema kwamba utafiti wa Kericho umekwisha kuchapishwa.